Kijana Asiyeona na Elimu ya Kuanguka

Baba mmoja wa Tukuyu ametutaka shauri juu ya mwanawe. Kijana huyo ana umri wa miaka 16, na macho yake yalipofuka alipokuwa mtoto mdogo, baada ya kuugua surua. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukaa tu. Madrasa huenda mwenyewe kwa fimbo yake, na amekwisha kuhifadhi sehemu si haba ya Kurani. Masika yaliyopita aliteleza katika kijia kinachoshuka kwenda mtoni, akaunyosha mkono ili ajizuie, na mkono ukavunjika. Hata kabla haujapona sawasawa, vijana wa njiani walimnyang'anya fimbo yake, wakamzungusha huku na huku kwa kicheko. Tangu siku hiyo ana neno moja tu: amesikia katika redio kwamba wako watu wasioona wanaoshindana mieleka ya Kijapani, naye ataka kufundishwa. Mama yake analia na kukataa. Baba yuko kati, na atuuliza: Je, jambo hilo ni la kweli? Na kama ni la kweli, kumpeleka mtoto asiyeona akaangushwe chini, si kumwongezea msiba juu ya msiba?

Swali hili tumelipima kwa siku nyingi, maana si la nyumba moja. Katika miji yetu wamo watoto wengi wasioona ambao hulishwa vizuri, huvishwa vizuri, na huombewa dua usiku na mchana, lakini hawaruhusiwi kuvuka kizingiti cha mlango. Wazazi wao hawakuwafungia kwa chuki. Wamewafungia kwa mapenzi. Nao wazee wetu walikwisha kutuonya kwa maneno mawili tu: Hujafa hujaumbika. Jambo la mtoto wa jirani laweza kuwa letu kesho. Kwa hivyo twaomba kila msomaji, awe na macho mazima au hana, afuatane nasi katika jawabu hili.

Nchi ya Rungwe na macho ya watu wake

Wilaya ya Rungwe ni nchi ya neema. Mvua yake ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania, udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na migomba, chai, viazi na maparachichi hustawi mpaka kwenye miteremko ya milima. Lakini neema hiyo ina upande wa pili kwa mtu asiyeona. Njia ni za kupanda na kushuka. Udongo ukilowa huteleza kama sabuni, na kando ya njia mara nyingi pana korongo. Mtu mwenye macho huchagua pa kukanyaga. Asiyeona hukanyaga kwanza, kisha akajua.

Zaidi ya hayo, mito ya Rungwe iendayo kasi ndiyo maskani ya inzi mdogo mweusi aletaye maradhi ya usubi, ambayo wengine huyaita upofu wa mtoni. Inzi huyo huuma mtu na kumtia vijidudu, navyo huwasha ngozi miaka mingi na mwisho vyaweza kuharibu macho. Wataalamu wa tiba huihesabu Tukuyu miongoni mwa maeneo ya usubi yanayojulikana sana katika Tanzania. Tangu mwaka 2000 hivi, dawa ya Mectizan imekuwa ikigawiwa vijijini bila malipo, nayo maradhi yamepungua sana. Lakini usubi si sababu pekee. Surua kwa mtoto ambaye mwili wake umepungukiwa na vitamini A, trakoma, presha ya macho, na mtoto wa jicho, yote haya huleta upofu.

Basi shauri letu la kwanza kwa kila mzazi ni hili: kabla ya kusema kwamba mtoto haoni na basi, mpeleke kwa mganga wa macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa kupasuliwa, na wengi walioongozwa kwa mkono kwenda hospitali wamerudi wakiongoza wenyewe. Ama yule ambaye macho yake hayana dawa, yeye bado ana mwili, na ndio huo tutakaouzungumza sasa.

Macho yaliyo katika mikono

Mieleka aliyoisikia kijana wetu redioni ni judo. Mwaka 1882, mjini Tokyo, mwalimu wa Japani aitwaye Jigoro Kano alikusanya wanafunzi wachache akaanza kuwafundisha mchezo alioutoa katika mapigano ya kale ya nchi yake. Aliyaondoa mapigo ya kuua na kulemaza, akabakiza yale yanayoweza kufanywa kila siku bila ya watu kuumizana. Jina lenyewe maana yake ni njia ya upole, kwa kuwa mchezaji hafundishwi kushindana na nguvu za mwenzake, bali kuzifuata. Anayesukumwa hupisha, na yule aliyesukuma hujikuta anakwenda mbele kuliko alivyokusudia. Hapo ndipo huangushwa. Mwaka 1964 judo iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Tokyo.

Katika judo hakuna ngumi wala teke. Wachezaji huvaa makoti mazito, kila mmoja hushika mkono wa koti la mwenzake na ukosi wake, na kazi yote huanzia hapo. Ndiyo maana mchezo huu umewafaa watu wasioona kuliko mingine ya jamii yake. Hata mchezaji mwenye macho mazima hufundishwa asiyategemee sana. Jicho huuona mguu ukiwa umekwisha kuondoka; lakini mkono ulioshika ukosi huhisi uzito ukihama kabla mguu haujainuka. Mwenzake akivuta pumzi ili afanye jambo, mkono wajua. Akiegemea kisigino, mkono wajua. Kijana aliyeishi miaka kumi bila ya macho amekuwa akiusomesha mkono wake tangu utotoni, na hapa hukuta kwamba mtaji wake ni mkubwa kuliko alivyoambiwa.

Kanuni kubwa iliyobadilishwa kwa ajili ya wasioona ni moja. Wachezaji wenye macho husimama mbali, kisha hushindania namna ya kushikana. Wasioona huletwa katikati na mwamuzi, kila mmoja akawekwa mahali pa kumshika mwenzake, ndipo amri ya kuanza hutolewa. Wakiachana wakapoteana, mwamuzi huwasimamisha na kuwarudisha katikati, wakashikana tena. Kwa sehemu kubwa yaliyobaki ni yale yale ya wenye macho: mtu hushinda kwa kumwangusha mwenzake chali kwa nguvu na ustadi, au kumkalia na kumzuia chini, au kumfanya akubali kwamba ameshindwa.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya wasioona liliundwa mjini Paris mwaka 1981. Judo ya wanaume wasioona iliingia katika Michezo ya Paralimpiki huko Seoul mwaka 1988, na ya wanawake ikaingia huko Athens mwaka 2004. Tangu mwaka 2022 wachezaji wametengwa makundi mawili, wasioona kabisa na wenye uoni hafifu, ili yule aliye gizani asipambanishwe na mwenye mwanga kidogo.

Msomaji aweza kuuliza habari za karate. Karate ni mchezo wa mapigo yanayotoka mbali, na asiyeona hawezi kulikinga pigo ambalo hakuligusa. Lakini iko sehemu ya karate iitwayo kata, ambayo mtu huifanya peke yake, hatua kwa hatua, kwa mpango uliohifadhiwa moyoni. Hiyo wasioona huifanya vizuri sana, na mwaka 2014, katika mashindano ya dunia ya karate huko Bremen, Ujerumani, waliwekewa nafasi yao. Aliyehifadhi juzuu za Kurani hatashindwa na kuhifadhi hatua za miguu.

Somo la kwanza

Sasa twafika kwenye lile ambalo kwa kweli ndilo jawabu la barua. Somo la kwanza la judo si kumwangusha mtu. Ni kuanguka. Mwanafunzi mpya hufundishwa kwanza kuangukia nyuma, ubavuni na mbele, ndipo aruhusiwe kuangushwa na mwenzake. Huanza akiwa amekaa chini, kisha akichuchumaa, kisha akisimama, ili mwili uzoee kidogo kidogo.

Mambo anayofundishwa ni manne. Kwanza, kidevu akikaze kifuani, ili kisogo kisigonge chini. Pili, asiunyoshe mkono kuizuia ardhi, kwa kuwa mkono ulionyoshwa hupokea uzito wa mwili mzima mahali pamoja, na hapo ndipo huvunjika kifundo cha mkono au mtulinga. Tatu, mkono mzima, tangu kiganja mpaka juu ya kiwiko, uipige sakafu bapa wakati ule ule mwili unapofika chini, ili kishindo kienee badala ya kukusanyika. Nne, atoe pumzi anapoanguka, wala asiizuie. Na kama anakwenda mbele kwa kasi, hufundishwa kujiviringisha juu ya bega kama gurudumu na kuinuka tena kwa miguu yake.

Ndugu yetu wa Tukuyu, ufikiri sasa mkono wa mwanao ulivyovunjika. Aliteleza, jambo lisiloepukika katika njia zenu wakati wa masika, hata kwa wenye macho. Hakuvunjwa na kuteleza. Alivunjwa na ule mkono alioutanguliza, kwa sababu hapana mtu aliyempata kumfundisha vingine. Wewe na mama yake mmeogopa kumpeleka mahali atakapoangushwa. Lakini anaanguka tayari. Anaanguka njiani, juu ya mawe na mizizi, peke yake, bila ya elimu. Kule ataangukia mahali palipotandikwa, mbele ya mwalimu, mpaka kuanguka kuwe kwake jambo la kawaida kama kukaa kitako.

Lipo na jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalioni. Mtoto anayeogopa kuanguka hutembea ameinama, huburuta miguu, na hutanguliza mikono kana kwamba ukuta uko mbele yake daima. Mwenendo huo wenyewe humzidishia kujikwaa. Misuli yake hulegea na mizani ya mwili wake huharibika, wala si kwa sababu ya macho, bali kwa sababu ya kukalishwa. Akiondokewa na ile hofu, mgongo hunyooka na hatua hurefuka. Wahenga wamesema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele; nasi twaongeza kwamba ajuaye kuanguka hujikwaa mara chache.

Waliotangulia katika njia hii

Wako watu ambao habari zao zafaa kusomwa kwa sauti katika nyumba yenye mtoto asiyeona. Wa kwanza ni Antônio Tenório wa Brazil. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipoteza jicho moja katika mchezo wa manati, ule ule ambao watoto wetu huucheza migombani, na miaka michache baadaye maradhi yakalichukua la pili. Naye alishinda medali ya dhahabu ya judo katika Paralimpiki nne mfululizo, mwaka 1996, 2000, 2004 na 2008. Wa pili ni Ilham Zakiyev wa Azerbaijan, aliyepigwa risasi akiwa askari akapofuka, kisha akashinda dhahabu mwaka 2004 na tena mwaka 2008. Wa tatu ni mwanamke, Cherine Abdellaoui wa Algeria. Alipata medali ya shaba huko Rio mwaka 2016, na dhahabu katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021.

Na mtu asidhani kuwa habari hizi ni za nchi za mbali tu. Henry Wanyoike wa Kenya alipofuka mwaka 1995 akiwa kijana. Miaka mitano baadaye, huko Sydney, alishinda mbio za mita 5,000 za wasioona; na wanaoikumbuka siku ile husimulia kwamba yule mwenye macho aliyekuwa akimwongoza aliishiwa na nguvu kabla ya mwisho, na asiyeona ndiye aliyemhimiza na kumvuta mpaka kwenye mstari. Hiyo ni mbio, si mieleka, lakini yatuonyesha kwamba mwili wa asiyeona wa Afrika Mashariki haukupungukiwa na kitu. Ama judo yenyewe, Zanzibar imekuwa ikifundishwa tangu miaka ya 1990 na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na vijana wa Kiislamu wa visiwani wameicheza na kuwakilisha nchi yao.

Wala hatuna haja ya kwenda Brazil kutafuta mfano, sisi tuliosoma habari za Abdullahi bin Ummi Maktum. Alikuwa kipofu, na kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Sura ya Abasa. Mtume (s.a.w.) hakumfanya mtu wa kuhurumiwa pembeni. Alimpa kazi ya kuadhini, na zaidi ya mara moja alimwachia Madina mikononi mwake alipotoka safarini. Imepokewa kwamba aliomba ruhusa asali nyumbani, kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza. Mtume akamwuliza kama huisikia adhana, na alipojibu ndiyo, akamwambia aiitikie. Kurani yenyewe iliwatoa wenye udhuru katika lawama ya kutokwenda vitani, lakini wanahistoria wameandika kwamba mtu huyu alikwenda Kadisia na kuishika bendera. Je, sisi tuna huruma kuliko Mtume, hata tuwazuie wetu wasitoke mlangoni? Na kuhusu mieleka yenyewe, imepokewa kwamba Mtume alipambana na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu, akamwangusha.

Maswali ambayo mzazi ana haki ya kuuliza

La kwanza ni la madhara. Hatutasema kwamba judo haiumizi. Vidole huteguka, magoti huumia, na asiye na mwalimu aweza kuvunja shingo. Kwa hivyo asianze mtu yeyote kwa kujifundisha mwenyewe. Tena mwenye uoni hafifu amwone kwanza mganga wa macho, kwa maana wako ambao pazia la ndani ya jicho lao ni dhaifu, au waliopasuliwa karibuni, na kwa watu hao kishindo cha kuanguka chaweza kuuzima ule mwanga uliobaki. Huyo akikatazwa na mganga, akubali. Iko michezo mingine.

La pili ni la kuinama. Desturi ya judo ni kwamba wachezaji huinamiana kwa kusalimiana kabla na baada ya mchezo. Wazazi wa Kiislamu huona shaka, nayo shaka yao ni ya heshima, kwa sababu rukuu na sijida ni vya Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi twasema: mzazi amwendee mwalimu mapema, waelewane ni salamu gani itakayotumika katika mazoezi, kama ni kupeana mkono au kutikisa kichwa, na jambo la mashindano amwulize shehe wake. Lisiwe jambo la kugombana ukumbini, wala lisiwe kisingizio cha kumrudisha mtoto kitandani.

La tatu ni la binti. Binti asiyeona ana haja ya elimu hii kuliko ndugu yake, kwa kuwa wabaya humwona yeye kuwa ni windo jepesi. Afundishwe na mwanamke, pamoja na wanawake, katika mahali pa stara. Kama mwalimu wa kike hajapatikana, hata kule kuanguka na kujinasua mkono ulioshikwa aweza kufundishwa na dada yake aliyejifunza.

La nne ni la kiburi. Baba aweza kuogopa kwamba kijana aliyeonewa akipata nguvu naye atakuwa mwonevu. Mtume (s.a.w.) amekwisha kutufunza kwamba mwenye nguvu hasa si yule awaangushaye watu, bali ni yule aizuiaye nafsi yake wakati wa hasira. Mwalimu mwema wa judo humtoa ukumbini mwanafunzi anayemwangusha mwenzake kwa hasira, na mzazi amchague mwalimu wa namna hiyo.

Tena tuseme kweli yote. Judo haimwezeshi mtu kupambana na mwenye panga. Katika shule zenye vitengo vya wasioona wamo pia watoto wenye ualbino, ambao macho yao ni hafifu, na nchi yetu yakumbuka kwa aibu jinsi walivyowindwa. Hao wanalindwa na serikali, na majirani, na milango imara; tusiwape mieleka tukadhani tumemaliza wajibu wetu. Mieleka itawapa mwili ulio hodari na moyo usiobabaika, na huo ni msaada, lakini si ngome.

Yanayowezekana Tukuyu

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya majumba makubwa. Sivyo. Mikeka rasmi ya judo ni ghali, lakini mahali pa kuangukia paweza kutengenezwa. Huchukuliwa fremu ya mbao, ikajazwa maranda makavu, au pumba za mpunga, ambazo Kyela hazikosekani, kwa unene wa shibiri moja, zikashindiliwa, kisha juu likakazwa turubai imara lisilo na mkunjo. Pasiwe laini mno, kwa kuwa mguu unaozama hutegeka. Paezekwe, kwa sababu ya mvua ya Rungwe, na nguzo ziwe mbali. Kamba ipitishwe chini ya turubai hatua moja kabla ya ukingo, ili mguu wa asiyeona uijue mipaka. Makoti hushonwa na fundi wa mtaani kwa kitambaa kizito, mishono yake ikarudiwa.

Mwalimu hana haja ya kuwa ameshapata kuwafundisha wasioona. Yatosha awe amehitimu judo na awe na subira. Badala ya kuonyesha kwa mbali, amwache mwanafunzi aguse nyonga zake, mabega yake na miguu yake anapolifanya somo polepole. Amwite kwa jina kabla ya kumgusa. Apige kofi ili sauti imwongoze mahali alipo. Na jambo la kwanza kabisa afundishe ishara ya kukubali kushindwa, ambayo ni kumgonga mwenzako mara mbili kwa kiganja; ishara hiyo haihitaji macho, na kila mchezaji duniani huitii papo hapo. Anayetaka msaada wa kumpata mwalimu aanzie kwa Chama cha Wasioona Tanzania, kilichoundwa mwaka 1964, na kwa vyama vya judo vya nchi.

Mwisho, vijana wasioona wasitengwe peke yao. Judo ni katika michezo michache ambayo asiyeona aweza kufanya mazoezi na mwenye macho bila ya yeyote kumpunguzia mwenzake, mradi waanze wameshikana. Na hapa, ndugu yetu wa Tukuyu, tunalo neno juu ya wale vijana walioichukua fimbo. Usiwatafute kwa mahakama ya wazee peke yake. Waalike. Waje wavae koti, wamshike mwanao mkono na ukosi, na taa ikipenda izimwe. Tunadhani watatoka humo na habari mpya juu ya nani aonaye na nani asiyeona, na fimbo haitaguswa tena.

Basi jawabu letu ni hili. Ndiyo, jambo hilo ni la kweli, na wasioona wamelifanya kwa miaka mingi. Mkono ukipona, na mganga akiridhia, na mwalimu akipatikana, mwache mwanao aende. Mwambie mama yake aje siku ya kwanza, akae kando asikilize. Atakisikia kishindo cha mwanawe akianguka, na moyo wake utashituka. Kisha atamsikia akiinuka, na kishindo tena, na kuinuka tena. Tunatumaini kwamba kabla ya jua kushuka nyuma ya milima atakuwa ameacha kuvihesabu vile vishindo.